Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuweka Malengo na Kubadili Mwelekeo katika Kazi ya Sheria

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mawakili, wanasheria walioajiriwa katika kampuni na taasisi za umma, waendesha mashtaka, na wahitimu ambao bado hawajaapishwa. Kila jibu linajitegemea; pale jambo lilipokwisha kuelezwa kwingine, namba ya swali husika imetajwa.

## Misingi

1. Lengo la kazi ni nini, na linatofautiana vipi na matamanio?

Matamanio husema mtu angependa kuwa nani. Lengo husema atafanya nini, lini, na ni kitu gani kitakachoonyesha kwamba amelifikia. Anayesema "nataka kuwa wakili bingwa wa kodi" ana matamanio mazuri, lakini bado hana la kufanya kesho asubuhi. Anayesema kwamba kufikia mwisho wa mwaka atakuwa ameandaa rufaa tatu za kodi chini ya usimamizi wa wakili mzoefu, na kwamba moja kati ya hizo atasimama kuitetea mwenyewe, huyo ana lengo.

Tofauti hii ina uzito wa pekee kwetu kwa sababu taaluma ya sheria imejaa vyeo: wakili mwandamizi, mbia, mwanasheria mkuu wa kampuni, jaji. Cheo ni rahisi kukitaja, na ndiyo maana wengi hukifanya lengo bila kuuliza mwenye cheo hicho hushinda akifanya nini. Mbia katika ofisi kubwa ya uwakili hutumia sehemu kubwa ya siku yake kutafuta wateja, kufuatilia ada ambazo hazijalipwa na kusimamia watu. Mtu anayependa utafiti na uandishi wa hoja anaweza kukimbilia kwa miaka kumi cheo ambacho, akikipata, kitamwondoa kwenye kazi anayoipenda. Andika kwanza vitenzi vya kazi unayotaka kuifanya. Cheo kitafuata, au utagundua kwamba hukukihitaji.

2. Nianzie wapi ikiwa sijui ninachokitaka?

Anzia kwenye kumbukumbu za kazi ulizokwisha kuzifanya. Mawakili wanaotoza ada kwa saa mara nyingi hurekodi muda wao kwa vipande vya dakika 6, yaani sehemu ya kumi ya saa, na kumbukumbu hizo ni ushahidi mzuri kuliko hisia za jioni ya siku mbaya. Chukua za miezi mitatu iliyopita, kisha weka alama kwenye kazi zilizokufanya usahau muda, kazi ulizoziahirisha zaidi ya mara moja bila sababu ya msingi, na kazi ambazo wenzako walikuletea kwa hiari yao kwa kuwa wanajua unaziweza. Asiyerekodi muda aandike mstari mmoja kila jioni kwa wiki sita.

Soma matokeo kwa kiwango cha tendo, usiyasome kwa jina la fani. Kuhoji mashahidi, kusoma mikataba mirefu, kumweleza mteja habari asiyoitaka, kuandaa muhtasari wa hoja: haya ndiyo yanayojirudia katika kila fani, iwe ardhi, ajira au jinai. Mtu akisema amechoka na mashauri ya madai, mara nyingi ukimchimba utakuta bado anapenda kuandaa ushahidi, ila kinachomchosha ni kusubiri mahakamani shauri linaloahirishwa kwa mara ya tano. Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina dawa yake.

3. Niwe na malengo mangapi kwa wakati mmoja?

Mawili au matatu kwa mwaka yanatosha. Kazi ya sheria huendeshwa na tarehe za watu wengine, na orodha ndefu ya malengo huwa ya kwanza kutupwa pembeni pindi wito wa mahakama unapofika.

## Kuandika na kupima malengo

4. Je, kanuni ya SMART inafaa kwa wanasheria?

Inafaa, lakini kwa kiasi. Kanuni hiyo, ambayo kila herufi ya jina lake la Kiingereza husimamia sifa moja ya lengo zuri, ilipendekezwa mwaka 1981 na George Doran, aliyekuwa akiwaandikia mameneja. Katika andiko lake la awali herufi ya tatu haikuhusu iwapo lengo linafikika, kama inavyofundishwa sana leo. Ilihusu nani amekabidhiwa kulitekeleza. Kwa mwanasheria hilo ni swali la lazima, kwa kuwa mengi tunayoyaita malengo yetu yako mikononi mwa wengine. "Kupandishwa cheo" hukabidhiwi wewe. Wanaoamua ni wabia. Kinachokabidhiwa kwako ni kazi itakayowapa sababu ya kukupandisha.

Utafiti wa wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham umeonyesha kwa miongo kadhaa kwamba lengo mahususi na gumu huleta utendaji bora kuliko agizo la "jitahidi uwezavyo". Utafiti huohuo una tahadhari ambayo husahaulika: kazi inapokuwa mpya na tata, lengo la kujifunza hufanya vizuri zaidi kuliko lengo la matokeo. Wakili aliyehamia sheria ya hakimiliki mwezi uliopita asijiwekee lengo la wateja kumi wapya. Ajiwekee lengo la kuzielewa hatua zote za usajili na za madai ya ukiukaji, hadi aweze kuzieleza bila kufungua kitabu.

5. Nitapimaje maendeleo wakati matokeo ya shauri hayako mikononi mwangu?

Pima kazi iliyo mikononi mwako. Shauri huamuliwa na ushahidi, sheria, mteja na mwamuzi, na wakili bora anaweza kushindwa kwa haki kabisa. Anayejipima kwa idadi ya mashauri aliyoshinda huanza, pasipo kukusudia, kuwakwepa wateja wenye mashauri magumu, na mara nyingi hao ndio wanaomhitaji kuliko wote. Hili ni jambo ninalolichukulia kwa uzito mkubwa: kipimo kibaya hakiharibu mipango tu, humharibu na wakili.

Vipimo vinavyofaa ni vile unavyoweza kuvithibitisha kwa nyaraka: hati ngapi ziliwasilishwa siku tatu kabla ya siku ya mwisho, ni mara ngapi maswali ya kumdodosa shahidi yaliandikwa mapema badala ya kubuniwa palepale, wateja wangapi walipata taarifa kabla hawajaiulizia. Kipimo kingine kizuri ni kulinganisha rasimu yako ya kwanza na hati iliyotoka mikononi mwa msimamizi. Masahihisho ya sarufi yakipungua na yakabaki yale ya mkakati, umepanda ngazi moja. Fanya ulinganisho huo ofisini, kwa kuwa hati hizo zina siri za mteja na hazipaswi kuingia katika kumbukumbu zako binafsi.

6. Mwajiri ananipangia saa za kutoza. Malengo yangu binafsi yanaingia wapi?

Yanaingia kwenye kalenda, na yanaingia mapema. Fanya hesabu kwa uwazi: saa 1,920 za kutozwa kwa mwaka, zikigawanywa kwa wiki 48 za kazi, ni saa 40 kila wiki. Hapo bado hujahesabu vikao, mafunzo, barua za kiutawala na muda wa kusoma ambao hakuna mteja anayeulipia. Mtu asiyeifanya hesabu hii huahidi kujifunza "akipata nafasi", na nafasi haipatikani.

Njia ya busara ni kutafuta lengo lako ndani ya kazi inayotozwa. Ukitaka uzoefu wa rufaa, omba kuandika sehemu moja ya hoja katika rufaa iliyopo ofisini, kisha hifadhi nje ya saa za kutozwa masaa machache tu kwa kile kisichoweza kupatikana kwa njia hiyo.

7. Nimweleze nani malengo yangu?

Tofautisha watu wawili. Wa kwanza ni mlezi wa taaluma, ambaye unaweza kumwambia mashaka yako yote, na ni vyema awe nje ya ofisi yako. Wa pili ni mtu mwenye sauti ofisini, atakayelitaja jina lako katika kikao ambacho wewe humo. Huyu wa pili mweleze lengo na kazi unayoiomba, si mashaka. Ikiwa unafikiria kuondoka, soma kwanza swali la 13.

## Kubadili mwelekeo

8. Nitajuaje kama tatizo ni ofisi, aina ya kazi, au taaluma yenyewe?

Jiulize kwa mpangilio, kuanzia kidogo kwenda kikubwa. Kazi hiihii, chini ya msimamizi mwingine na kwa saa zinazovumilika, ungeipenda? Kama ndiyo, tatizo ni mahali, na dawa yake ni kuhama ofisi. Kama hapana, je, kuna kazi nyingine ya kisheria unayomwonea wivu anayeifanya? Wivu ni shahidi mkweli. Kama ipo, tatizo ni aina ya kazi, na swali la 10 litakusaidia. Ni pale tu ambapo hakuna kazi yoyote ya kisheria inayokuvuta ndipo inapofaa kuanza kufikiria kuiacha taaluma, na hata hapo kuna hatua moja ya kutangulia.

Hatua hiyo ni afya. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016, uliowahusisha mawakili 12,825, ulikuta kwamba asilimia 20.6 walikuwa na viashiria vya unywaji wa pombe wenye hatari, na asilimia 28 walikuwa na dalili za sonona. Mtu asiyelala, asiyekula vizuri, anayeogopa kufungua barua pepe au anayehitaji kinywaji ili aimalize siku, hayuko katika hali ya kuamua hatima ya kazi yake. Amwone daktari kwanza. Baadhi ya vyama vya mawakili vina huduma za msaada zinazotolewa kwa siri, na kuzitumia si doa kwa wakili. Ninasisitiza hili kwa sababu uamuzi mkubwa uliofanywa katika uchovu mkubwa huwa mgumu kuurekebisha, na mtu huweza kuilaumu taaluma kwa ugonjwa ambao ungetibika.

9. Nimefanya kazi miaka mingi. Je, nimechelewa kubadili?

Historia ya taaluma hii imejaa watu waliobadili njia baada ya miaka mingi. Thurgood Marshall alikuwa wakili wa mashauri ya haki za raia kabla ya kuwa jaji wa mahakama ya rufaa ya shirikisho la Marekani mwaka 1961. Mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 57, aliacha kiti hicho cha maisha ili kuwa wakili wa serikali mbele ya Mahakama ya Juu, na mwaka 1967 akaingia Mahakama hiyo akiwa jaji. Elena Kagan aliingia Mahakama hiyohiyo mwaka 2010, akiwa na umri wa miaka 50, bila ya kuwahi kuwa jaji popote. Mohandas Gandhi, aliyepokewa katika uwakili London mwaka 1891, alishindwa kumhoji shahidi katika shauri lake la mwanzo huko Bombay. Alipokwenda Afrika Kusini mwaka 1893 aligundua kwamba nguvu yake ilikuwa katika kuwapatanisha wadaawa.

Hawa ni watu wa nadra, na sisemi kila mtu atafika walikofika. Ninachokiona kwao ni kwamba walipohama hawakuanza upya. Walibeba jambo moja waliloliweza na kulitia katika chombo kingine. Kikwazo cha kweli kwa mwenye miaka mingi kazini huwa ni kipato na wanaomtegemea kuliko umri. Kwa hiyo andika kwanza ni miezi mingapi familia inaweza kuishi kwa kipato kilichopungua, na uipange tarehe ya kuhama kwa hesabu hiyo.

10. Ninawezaje kuhamia fani nyingine ya sheria bila kuanza sifuri?

Tafuta daraja, yaani kazi iliyo nusu katika fani unayoijua na nusu katika fani unayoitaka. Madaraja ni ya namna tatu. La kwanza ni la utaratibu: aliyezoea mashauri ya madai anazijua hati za madai, viapo, muda wa ukomo (ambao ukipita shauri haliwezi kufunguliwa) na utaratibu wa ushahidi, na hayo humsaidia katika shauri la bima kama yalivyomsaidia katika shauri la ardhi. La pili ni la sekta: aliyewahudumia wajenzi katika migogoro anaijua lugha yao, hivyo anaweza kuanza kuwaandikia mikataba. La tatu ni la mada inayogusa fani mbili. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data ilipoanza kutumika Mei 2018, wakili wa sheria ya ajira aliyekwisha kushughulikia kumbukumbu za wafanyakazi alikuwa na mlango wa karibu kuliko mgeni kabisa.

Ukishalipata daraja, tengeneza ushahidi wa uwezo wako kabla ya kuomba nafasi. Makala fupi kuhusu hukumu mpya, shauri la msaada wa kisheria bila malipo chini ya msimamizi mwenye ujuzi, au mada fupi kwa wenzako ofisini, kila kimoja kinaweza kuonyeshwa. Uwe mkweli kwa mteja wa kwanza katika fani mpya, kwa kuwa wajibu wa umahiri haulegezwi kwa sababu wakili anajifunza: ama ushirikiane na anayeijua fani, ama shauri hilo ulipeleke kwake. Saa ulizozitumia kujifunza misingi usimtoze mteja.

11. Ni nini hubadilika wakili anapokuwa mwanasheria wa kampuni?

Hubadilika kinachothaminiwa. Maoni ya kurasa kumi na tano yaliyosifiwa katika ofisi ya uwakili yanaweza yasisomwe na mkurugenzi anayetaka kujua, kabla ya mchana, kama asaini au asisaini. Mwanasheria wa ndani ana mteja mmoja, na mteja huyo ndiye mwajiri wake, hivyo kusema "hapana" kunahitaji ujasiri wa namna nyingine. Anayehamia huko akitarajia utulivu tu mara nyingi hushangaa.

Pia kuna suala la faragha ya mawasiliano ya kisheria, yaani kinga ya kutolazimishwa kufichua mawasiliano kati ya mteja na mwanasheria wake, ambayo haichukuliwi sawa kila mahali. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilishikilia kwamba, katika uchunguzi wa ushindani unaofanywa na Tume ya Ulaya, mawasiliano ya ndani na mwanasheria mwajiriwa wa kampuni hayapati kinga hiyo. Fahamu msimamo wa mahali utakapofanya kazi kabla hujaandika ushauri wako wa kwanza.

12. Je, ninahitaji shahada ya uzamili ili kubadili fani?

Inahitajika pale leseni au ajira unayoitaka inapoitaja, au unapohamia mfumo mwingine wa sheria (swali la 16). Pengine pote, kazi moja iliyofanywa vizuri katika fani hiyo humshawishi mwajiri kuliko cheti. Usiifanye shahada kuwa njia ya kuahirisha uamuzi.

## Wajibu unaobaki unapohama

13. Ninapoondoka ofisini, naweza kwenda na wateja wangu?

Mteja si mali ya wakili wala ya ofisi. Ni yeye anayechagua wa kumwakilisha. Hata hivyo, namna ya kumjulisha ina mipaka: mkataba wako wa ajira au wa ubia unaweza kuwa na masharti, na kanuni za maadili za mahali ulipo zinaweza kutaka taarifa itolewe kwa pamoja na kwa lugha isiyoegemea upande. Kuwaita wateja kwa siri ungali unalipwa na ofisi ni kosa ambalo huweza kumfuata mtu kwa miaka. Toa taarifa yako kwa ofisi kwanza, kisha zungumzeni juu ya wateja.

14. Mgongano wa maslahi unaweza kuzuia uhamisho wangu?

Unaweza, na huwashtua wengi kwa kuwa hulifikiria baada ya kukubali kazi. Ofisi mpya inaweza kuwa inamwakilisha mpinzani wa mteja wako wa zamani. Wajibu wa kutunza siri hauishi uhusiano unapokoma. Desemba 1998 Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, lilieleza kwamba wajibu huo wa siri ndio unaoendelea kumlinda mteja wa zamani, na kwamba kuta za ndani zilizojengwa kwa dharura ili kuwatenga watu wa ofisi moja haziwezi kuaminiwa kirahisi.

Kabla ya kusaini, ipe ofisi mpya majina ya wahusika kwa kiwango kile tu kinachohitajika kupima mgongano, bila maelezo ya mashauri yenyewe. Ukiona jina lolote katika orodha yao linalokupa shaka, liseme siku hiyohiyo.

15. Nifanye nini na mafaili kabla ya siku ya mwisho?

Kwa kila faili andika ukurasa mmoja: shauri limefika wapi, tarehe inayofuata, muda wa ukomo unaokaribia, ahadi ulizompa mteja, na fedha zilizomo katika akaunti ya wateja. Palipo na shauri mahakamani ambalo jina lako limo kwenye kumbukumbu, kumbuka kwamba mahakama nyingi hutaka kibali chao kabla ya wakili kujitoa.

## Hali za pekee

16. Naweza kuhamisha kazi yangu ya sheria kwenda nchi nyingine?

Leseni ya uwakili hufungwa na mipaka kuliko leseni za taaluma nyingi, kwa kuwa sheria yenyewe ni ya mahali. Njia hutofautiana. Ndani ya Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 1998 huwawezesha mawakili wa nchi wanachama kufanya kazi katika nchi nyingine mwanachama kwa cheo cha kwao. Jimbo la New York huwaruhusu baadhi ya waliosomea nje ya Marekani kufanya mtihani wake wa uwakili, wengine baada ya kukamilisha shahada ya uzamili yenye masharti maalumu. Soma kanuni za mamlaka inayotoa leseni kabla ya kulipa ada ya chuo chochote.

Mwenye ndoto ya kazi inayovuka mipaka aufikirie usuluhishi wa kibiashara wa kimataifa. Mkataba wa New York wa mwaka 1958 unazifanya tuzo za wasuluhishi, yaani maamuzi yao, zitambuliwe na kutekelezwa katika zaidi ya nchi 170, na katika mabaraza mengi ya usuluhishi mtu si lazima awe na leseni ya mahali kikao kinapofanyika. Walakini, uthibitisho wa sharti hilo uufanye kwa kila shauri.

17. Nikiondoka kwenye sheria kabisa, niiache leseni?

Usiharakishe kuiacha. Mamlaka nyingi zina hadhi ya kutofanya kazi, yenye ada ndogo au masharti machache, na kurudi kutoka hadhi hiyo huwa rahisi kuliko kuomba upya baada ya jina kufutwa.

Kuna jambo moja linalosahaulika mara nyingi, nalo ni bima ya dhamana ya kitaaluma. Sera nyingi za bima hiyo hulipia madai yanayowasilishwa wakati sera ingali hai, hata kama kosa lilitendeka zamani. Ukiacha kazi na kukatisha bima, dai linalokuja miaka miwili baadaye linaweza kukukuta bila kinga. Uliza kuhusu bima ya kipindi cha baada ya kuacha kazi, na kama umeajiriwa, uliza iwapo bima ya ofisi itaendelea kukulinda.

18. Nikikubali ujaji, ninaweza kurudi uwakili baadaye?

Jibu hutegemea nchi kiasi cha kuwa kinyume kabisa. Marekani, majaji wa shirikisho waliojiuzulu hurudi katika uwakili. Uingereza na Wales, anayeteuliwa kuwa jaji wa kudumu hukubali kwamba hatarudi katika uwakili binafsi. India, katiba yenyewe inamzuia aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Juu kusimama kama wakili mbele ya mahakama yoyote. Anayeweka ujaji kuwa lengo lake lazima alijue hili kabla ya kutuma maombi, kwa sababu katika baadhi ya nchi mlango huo hufunguka upande mmoja tu.

19. Nimekwisha kuhama, na sasa ninajuta. Nifanye nini?

Usiamue lolote katika miezi mitatu ya kwanza, isipokuwa umekuta jambo la kinyume cha maadili. Katika kipindi hicho mtu hajui mafaili yako wapi wala nani wa kumuuliza, na ugeni huo unafanana sana na majuto. Panga tarehe mbili za mapitio, mwezi wa 4 na mwezi wa 9 tangu ulipohama, na katika kila moja rudia zoezi la swali la 2 kwa kumbukumbu za kazi mpya. Wasiliana pia na watu wa ofisi uliyoiacha kwa heshima ya kawaida, kwani waliokabidhiwa mafaili yako bado watakuwa na maswali, na si mara chache mlango wa kurudi hufunguliwa na mtu uliyemjibu vizuri. Kama mapitio yote mawili yataonyesha kwamba kazi zinazokuvuta ni zile ulizoziacha, lianze tena swali la 8, safari hii ukiwa na ushahidi wa sehemu mbili wa kulinganisha.